Ungo Uliogeukia Ukuta

Ungo unaoning'inia kwenye ukuta wa nje wa nyumba yangu haujapepeta kitu miaka mingi. Wageni huniuliza kwa nini nauacha unyeshewe na kuliwa na wadudu, na siku hizi watu wananunua nyungo kama hizo na kuzitundika sebuleni ziwe pambo. Nawajibu uacheni. Wajukuu zangu wawili hawaulizi. Wanajua ule ni wa mama yao, na mama yao alikuwa binti yangu wa kwanza.

Mimi shule niliijua ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, ndani ya ghala la ushirika, tukigawana vipande vya chaki kama sukari ya msibani. Atakayenisoma asitafute maneno ya kupendeza. Naandika kama ninavyosema, na watu wa huku juu wanajua ninavyosema.

Watu wa afya walipotuletea habari ya uzazi wa mpango kwa njia za asili, walidhani wanatuletea kitu kipya. Sisi tulikuwa nao, ila haukuwa na jina. Ukijifungua, mama yako anakuja kukuchukua. Unarudi kwenu, unalala chumba kimoja na mama, unanyonyesha mpaka mtoto anakimbiza kuku. Mumeo akija kumwona mtoto anakaa nje, anapewa uji, anaulizwa habari za shamba, anaondoka. Akikusogelea mtoto angali ananyonya, watasema mtoto amebemendwa: miguu itanyong'onyea, shingo itakuwa nyembamba, na kijiji kizima kitajua nyinyi wawili mmeshindwa kungoja. Aibu ile tuliiogopa kuliko chui. Wanaume walikuwa na pa kwenda, nisidanganye. Wengi walikuwa na mke wa pili, na asiye naye alijua vichochoro. Lakini watoto wetu walipishana, na matiti yetu yalipata kupumzika.

Halafu ikaja ruksa. Kila mtu ruksa kununua, ruksa kuuza. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za rangi, mitumba ikamwagwa chini sokoni Lukozi, na malori yakaanza kupanda mlima kufuata kabichi na karoti zetu. Wanaume wakawa madalali. Leo yuko hapa, kesho yuko Dar es Salaam anapigania bei, keshokutwa karudi na mkate na maneno ya mjini. Sasa nani atamruhusu mke arudi kwao akalee, na viazi vinataka palizi, na hoho zinataka maji? Mila ile haikukatazwa na mtu. Ilikosa nafasi tu, ikaondoka.

Binti yangu aliolewa na mmoja wa madalali hao. Kijana mzuri, mrefu, mpole, hakuwa mlevi. Kwao ni Wakatoliki, sisi ni Walutheri, lakini tulikubaliana vizuri na harusi ilifana. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu. Wa pili naye kwa kisu, na safari ile damu ilimwagika mpaka nikaanza kufikiria nani nimpelekee habari. Alipona. Daktari akaniita pembeni pamoja na mumewe, akaokota kitunguu kwenye kapu langu la chakula, akamenya ganda moja la juu na kulinyoosha kwenye mwanga.

"Mnaona linavyoonyesha upande wa pili?" akasema. "Mfuko wake wa uzazi penye kovu umebaki hivi. Akishika mimba nyingine upesi, utapasuka. Mama huyu mtampoteza."

Hayo ndiyo tuliyoambiwa, na tuliyasikia wote watatu, maana yeye mwenyewe alikuwa kitandani macho wazi.

Alipewa vidonge. Vikampandisha presha, kichwa kikawa kinampiga kama kinu, wakamwambia aviache. Daktari akataka kumfunga kizazi. Hapo mumewe akasita, na mama mkwe wake akasema waziwazi kwamba mwanawe ana wasichana wawili tu na hawezi kufungiwa mlango angali kijana, tena ni dhambi. Sindano nayo zahanati yetu haikuwa nayo. Ukienda leo unaambiwa njoo mwezi ujao. Tukabaki tunaangaliana.

Ndipo nesi mpya akaja. Alitoka nchi ya tambarare, mbali, na baridi yetu ilimtesa mpaka anavaa sweta mbili na bado midomo inatetemeka. Alisema serikali imeamua njia za asili zifundishwe zahanati kama dawa nyingine, bure. Kabla yake mafundisho hayo yalikuwa ya masista kanisani, kwa wachumba wao. Basi hata yule mama mkwe akaridhika. Mimi nilimsindikiza binti yangu, na vikongwe wenzangu kadhaa wakatufuata kwa sababu walisikia kuna chai.

Nesi alipanga sahani mbili mezani. Moja ameipangusa, kavu. Kwenye nyingine akavunja yai, akatenga kiini, akachovya vidole viwili kwenye ule ute mweupe na kuvitanua polepole. Ute ukanyooka kama uzi wa buibui. Wanawake wakaficha nyuso kwenye kanga.

"Acheni kucheka," nesi akasema, naye anacheka. "Mkijiona hivi, hizi ni siku mbichi. Mimba inashika. Mkijiona kama sahani hii, ni siku kavu. Nitawafundisha taratibu, msianze leo. Mtu ajiangalie kila siku, na siku mbichi mume na mke walale kila mtu na blanketi lake."

"Nesi," akaita kikongwe mmoja, "hilo yai ukimaliza unampa nani?"

"Nitakupa wewe, bibi."

"Mimi la nini? Kwangu kumekauka tangu wakati wa mkoloni."

Tulicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akachungulia dirishani. Lakini kicheko kilikatika pale mwanamke mmoja alipouliza, "Na mume atajuaje kwamba leo ni mbichi?"

"Utamwambia," nesi akasema.

Mtu asiyetujua angedhani hatukusikia. Kwetu mwanamke anaweza kumwambia mumewe kwamba shamba limeliwa na nguruwe, kwamba mama yake mchawi, kwamba pesa zimekwisha. Lakini habari za mwilini mwake hazipiti mdomoni. Hata mimi niliyezaa naye watoto wangu wote sikuwahi kumwambia marehemu mume wangu neno la namna hiyo. Ukiwa kwenye siku zako unapika mbali kidogo na kunyamaza, naye anaelewa.

"Wewe wako unamwambia?" mwanamke yule akamuuliza nesi.

"Mimi sijaolewa."

"Ndiyo maana unaona rahisi."

Nesi akasema basi tutafute alama. Kitu kinachoonekana, mume akifika ajue bila kuambiwa. Mmoja akataja kanga, wengine wakasema kanga zinafuliwa kila siku, alama itachanganyika na nguo. Ndipo binti yangu, ambaye kwenye mikutano hafungui mdomo, akasema: "Ungo. Hakuna nyumba isiyo na ungo. Kila mtu autundike ukutani mlangoni. Siku kavu utazame nje. Siku mbichi ugeuzwe, uutazame ukuta."

Wanawake wakapiga makofi. Nesi akamkumbatia. Na mimi, mama yake, nilivimba kichwa, nikawaangalia wenzangu mmoja mmoja ili wajue huyo ni wa nani.

Hakuna aliyeona kosa. Nesi alitoka nchi ya tambarare, ambako ukiweka ua wa mabua jirani haoni kwako. Huku kwetu nyumba zimepangana mlimani kama vidato vya ngazi. Wa juu anatazama uani kwa wa chini, na mteremko wa ng'ambo unatutazama sote. Sisi tuliozaliwa humo tulishazoea kuonekana mpaka tukasahau kwamba tunaonekana. Na njia ile haikufundishwa kwa siri, mtu mmoja mmoja. Ilifundishwa kwa kundi, kila mke akatoka na alama ileile.

Mwanzoni ilikwenda vizuri sana. Mkwe wangu alikuja zahanati mara moja, akaketi karibu na mlango na kofia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, na alipotoka wanaume wenzake walimcheka asijibu kitu. Alikuwa anamwogopea mkewe, hilo nimelijua siku zote na silifichi. Akitoka safari, akifika kona ya juu, alitazama ukutani kwake kabla hajashusha mzigo. Binti yangu akanenepa. Akaanza kuimba tena kwaya. Vuli ilipita na mavuno yakaingia, na ganda lile la kitunguu nikaanza kulisahau.

Upande wa ng'ambo barabara inapinda, na pale kwenye kona ndipo malori yanapoegeshwa kupakia. Wanaume wanakaa hapo kutwa wakisubiri matenga yajae, na mbele yao, kama picha, ndiyo mteremko wetu wote. Siku moja nilipeleka karoti zangu. Nilikuwa nyuma ya lori, hawakuniona.

"Mgoshi," mmoja akamwita mwanaume mwenzake kwa Kisambaa, "kwako vipi leo?"

"Macho huna? Angalia mwenyewe."

"Aa! Duka limefungwa!"

"Mali ipo, mwenye duka kagoma!"

"Afadhali yake. Angalieni kwa dalali wetu mrefu. Katoka Dar jana na mkate wa siagi, kakuta ungo umempa mgongo. Mgoshi, umelala na mkate?"

"Huyu siku hizi haombi ruhusa kwa mke. Anaomba kwa ungo!"

Mkwe wangu alikuwa juu ya shehena anakaza kamba. Alicheka pamoja nao, lakini alicheka kwa meno tu. Niliona mikono yake inavyoivuta ile kamba.

Utingo ndiye aliyeniona. "Shikamoo, bibi!" akapaza sauti makusudi, na wote wakaruka kama kuku walioona kicheche. "Shikamoo. Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikasema. "Endeleeni. Mlikuwa mnasoma ukuta wa nani?"

Mkwe wangu aligeukia upande wa pili wa lori, na alifanya sawa. Mkwe na mama mkwe kwetu hatukai benchi moja. Akiniona njiani ananipisha, tunasalimiana kwa mbali, kila mtu anatazama miguu yake. Sijawahi kula mbele yake. Siwezi kumtajia kitanda, yeye hawezi kunisikia nikikitaja.

Jumapili, baada ya ibada, niliwakusanya wajane wote nyuma ya kanisa. Nikawaambia: "Kila mwenye ungo akautundike nje kuanzia leo. Wanaume wanawasoma watoto wetu. Tukitundika sote, hawatajua yupi ni yupi."

"Tuugeuze upande gani?"

"Vyovyote unavyoamka."

"Mimi wangu utaangalia ukuta mwaka mzima," akasema yule kikongwe wa yai, "marehemu asije akapata wazo la kurudi."

Jamani, mngeuona mteremko wetu wiki ile! Nyungo kila ukuta, mpya, mbovu, zilizotoboka katikati. Kina bibi wanageuza asubuhi, wanageuza mchana, mwingine anageuza kila akipita kwenda kuni. Kule kwenye kona wanaume walichanganyikiwa. Nilisikia mmoja analalamika, "Hata bibi wa magongo mawili yuko kwenye siku mbichi!" Wakachoka kusoma, wakarudia mambo yao ya bei na mpira. Nesi alipopata habari alicheka mpaka akavua sweta moja. Na wanawake wengi waliendelea na alama yao katikati ya fujo zetu, na watoto wao wamepishana vizuri, naweza kuwaonyesha hao watoto leo wana ndevu. Sisemi mafundisho yale hayakufaa.

Ila kwa binti yangu tulichelewa.

Siku ileile ya karoti mkwe wangu alikuwa amefika nyumbani kwake, akautungua ungo, akaurusha chini shambani. Binti yangu aliniambia tukiwa tunachuma maharage, hakuinua macho.

"Alikufokea?"

"Hata sauti hakupandisha, Mama. Alisema, 'Nyumba yangu si ubao wa matangazo.' Akasema ana masikio, nikiwa na neno nimwambie kwa mdomo."

"Basi mwambie kwa mdomo."

Akaacha kuchuma. "Nimwambie nini? Nisimame mbele ya mwanaume anakula, niseme leo nina ute? Mama, wewe ungesema?"

Nikaendelea kuchuma maharage. Jibu alilijua.

Nilimwambia autundike tena, sasa tuko wengi, hatajulikana. Alikwenda kuuokota kwenye matuta, ukingo umevunjika kidogo, lakini hakuthubutu kuutundika. Aliusimamisha jikoni nyuma ya mlango. Nikamtuma shemeji yangu, mdogo wa marehemu, kwa sababu mwanaume anaweza kuongea na mwanaume. Alikwenda, akanywa chai, akarudi.

"Umemwambia?"

"Tumeongea bei ya kabichi," akasema, akikuna shingo. "Kila nikitaka kuanza, mkewe anapita na birika."

Nikabeba kapu langu nikaenda mwenyewe ukweni kumchukua binti yangu arudi nyumbani, kama zamani. Mama mkwe wake alinipokea vizuri, akanipa kiti, halafu akaniuliza: "Unamchukua kwa lipi, mwenzangu? Hana mtoto mchanga." Na ilikuwa kweli. Mdogo alishaacha ziwa. Mila yetu ilijua kumlinda mwanamke anayenyonyesha. Mwanamke mwenye kovu haikumjua. Nilikula ndizi zao nikarudi na kapu tupu.

Nesi alikwenda mara mbili, mara zote mkwe wangu yuko safari. Alimsihi binti yangu aseme. Binti yangu aliitikia ndiyo, ndiyo, nesi. Na mume wake akitoka Dar amechoka, ana vumbi, ana mkate mkononi, ana hamu ya kwake. Akauliza labda kwa macho. Naye akanyamaza. Kwa mwanaume, mke akinyamaza amekubali.

Alipojua ana mimba alikuja kwangu, akakaa kwenye kigoda changu cha jikoni na kuniangalia nikikoroga ugali. Hakulia. Nililia mimi, nikasingizia moshi.

Mkwe wangu aliposikia aliacha safari. Hakuna aliyemlazimisha. Aliuza kwa hasara kwa madalali wengine, akakaa nyumbani anachota maji mwenyewe, kitu ambacho wanaume walikiona na safari hii hakuna aliyecheka. Daktari alisema aende akangojee hospitali kabla ya wakati, na mkwe wangu alishaongea na dereva mmoja amchukue mkewe mbele, kwenye kiti, si juu ya mizigo. Nguo zilishafungwa.

Lakini masika ile mlima ulilainika. Udongo uliporomoka barabarani kwenye msitu wa Magamba, malori yakakwama huku na huku, na uchungu ukamkuta binti yangu asubuhi, kabla ya siku zake, mvua inanyesha.

Waliombeba ni wale wale. Wote wa kwenye kona, madalali, wapakiaji, na yule utingo. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakambeba kwenye machela kupanda na kushuka, wakipokezana bega kwenye matope, wanateleza, wanainuka. Njia nzima sikusikia neno, ila "shika," "pokea," "taratibu." Mkwe wangu alishika mbele upande wa kichwa na alikataa kupokewa. Bega lilimchubuka, shati likashikana na damu. Mimi nilitembea pembeni nikimfunika uso kwa kanga asinyeshewe.

Ndani ya msitu ukungu ulikuwa mzito, naona miguu tu ya wanaume. Akafungua macho.

"Mama, wasichana wamekula?"

"Wamekula."

Akafumba. Mimi sikujua kama wamekula. Nilikuwa sijawakumbuka tangu asubuhi.

Hospitalini wanaume walikunja mikono ya mashati wote watolewe damu, wamejaa matope mpaka masikioni, wakisukumana mlangoni nani aanze. Daktari alitoka akatazama sakafu kwanza. Mfuko ulikuwa umepasuka njiani. Mtoto alikuwa wa kiume, na alishakufa. Mama yake alimfuata kabla chupa ya kwanza ya damu haijajaa.

Kwenye mazishi nesi alisimama mbali, nyuma ya watu wote, na sweta zake. Nilikwenda kumshika mkono nikamleta mkekani kwa wafiwa.

"Mama," akasema, "mimi ndiye niliyewaambia mtafute alama."

"Na sisi ndio tuliocheka tukapiga makofi. Kaa hapa."

Baada ya hapo alibadilisha kufundisha. Wanaume aliwaita peke yao, palepale kwenye kona ya malori, akawaambia mambo waziwazi mpaka mashavu yakawaungua, na hakuna aliyeondoka. Alama za nje akazikataza. Baadaye akahamishwa, wakaja wengine. Siku hizi nasikia wana shanga za kuhesabia siku, mwanamke anasogeza kipete. Sawa. Shanga zinakaa mfukoni.

Wasichana niliwachukua mimi. Mkubwa alikuwa anaota meno ya mbele, mdogo alikuwa bado anasema maneno nusu. Nimewalea kwa karoti na kwa mdomo wangu huu. Mkubwa ni mwalimu wa sekondari, anafundisha hesabu, wanafunzi wake wanamwogopa na wazazi wao wananisalimia mimi kwa heshima sokoni. Mdogo anatengeneza jamu kule Irente, wageni wanatoka nchi zao kuja kuionja. Nikipita najisemea moyoni: hawa ni wangu, mikono hii. Kisha namkumbuka ambaye ndiye angepaswa kujisifu.

Ungo niliuchukua jikoni kwake siku tulipogawa nguo. Niliutundika kwangu, umegeukia ukuta, na hapo umekaa.

Mkwe wangu hakuoa tena mpaka wasichana walipokuwa wakubwa, na hata aliyemwoa ni mjane mtu mzima. Kila akivuna ananiletea kabichi. Anaziweka kizingitini, anasema "Shikamoo, mama," naitikia, anaondoka. Miaka yote hiyo hatukuwahi kuyataja yaliyopita.

Mwaka yule mdogo alipoolewa, alikuja na mumewe kunisalimia. Baba yake naye alikuwa amefika na kabichi, na kwa sababu mvua ilikuwa inanyunyiza nikamwambia angojee chini ya paa. Mimi nilikuwa kigodani karibu na mlango, yeye mwisho wa ukuta, amesimama kando ya ungo. Ndani jikoni vijana wanamenya viazi, hawajui tuko hapo.

"Leo?" tukasikia kijana anauliza, anatania.

"Leo hapana," mjukuu wangu akasema. "Ni siku mbichi. Nipe kisu."

"Na kesho?"

"Hapana pia. Nitakwambia ikifika, una haraka ya wapi? Menya."

Wakacheka. Viazi vikaendelea kudondoka kwenye sufuria ya maji.

Mkwe wangu alikuwa anatazama ungo. Mkono wake ulikuwa kwenye ule ukingo uliovunjika, unaupapasa. Akasema, bila kunigeukia, na lilikuwa neno la kwanza la namna hiyo kati yetu:

"Mama, nilimwambia aseme. Angeniambia hivyo, ningesikia."

Nilijua anasema kweli. Lakini sikuweza kumwachia.

"Alikwambia, baba," nikasema. "Aliutundika huo huo ulioushika."

Aliondoa mkono. Alivaa kofia, akatoka kwenye mvua bila kuaga. Nilimtazama akishuka njia ya matuta mpaka akapotea kwenye migomba, mzee sasa, bega moja limeinama upande aliobebea. Kisha nikaokota kabichi zake, nikaziingiza ndani, nikamwambia mjukuu wangu achague iliyokaza tukatie mboga.